Ghala lililogeuzwa nyumba, ghala tupu, au nyumba mpya: kwa wanaotaka kuhamia mashambani Uingereza

Kila baada ya wiki chache napigiwa simu na mtu aliyeona picha. Picha zenyewe zinafanana: ukumbi mkubwa usio na dari, unaona maboriti ya mwaloni mpaka kwenye paa, upande mmoja ukuta mzima wa kioo, nje majani mpaka macho yachoke. Huyo mtu anaishi Leicester au Northampton au Reading, nyumba imeshikana na ya jirani, watoto wanne, mama yuko njiani kuja kukaa, halafu anakuta ghala la shamba huko Norfolk limegeuzwa nyumba ya vyumba vitano na bei haipishani sana na nyumba ya kawaida ya London. Anauliza ninunue nisinunue. Kwenye simu siwezi kumaliza, ndo maana naandika.

Sisi tulinunua ghala lililokwisha geuzwa, Suffolk, huu mwaka wa tano. Shemeji yangu alichukua ghala tupu Lincolnshire akaligeuza mwenyewe. Na kuna rafiki yetu tulikuwa tunazunguka naye kutazama nyumba kila Jumamosi, mwisho yeye akachukua nyumba mpya kabisa, vyumba vitano pia, pembeni ya kijiji. Hizo ndo njia tatu ninazolinganisha, na zote nimelala ndani yake kwahiyo nazijua usiku na mchana.

Kwanza tuelewane ghala lenyewe ni kitu gani. Mashamba ya huku yalikuwa na jengo moja kubwa la kupuria ngano na kuhifadhi mavuno, na mara nyingi ubavuni kuna banda la ng'ombe. Mengine ni ya kale mno, pale Cressing Temple, Essex, kuna maghala mawili ya mbao yamesimama tangu karne ya 13. Mengi yanayouzwa ni ya karne ya 17 mpaka ya 19: Essex na Suffolk utakuta fremu ya mwaloni na mbao za kupigiliwa nje, Cotswolds na Yorkshire mawe, Norfolk matofali na mawe ya gumegume. Katikati yana milango miwili mirefu inayotazamana, na hiyo haikuwekwa kwa urembo, walikuwa wakipura ngano wanafungua yote miwili ili upepo upite upeperushe makapi. Leo pale kwenye mlango ndo wanaweka kile kioo kikubwa unachokiona kwenye picha.

Sasa shika hilo, maana kila ninachosema chini kinatokana nalo. Jengo hili lilijengwa ili upepo upite. Halikujengwa ili mtoto alale. Kila starehe iliyomo imeongezwa na mtu, na maswali ni matatu tu: nani aliiongeza, kwa hela ya nani, na alikuwa anajua anachokifanya?

Vitu vya kupimia

Mi napima kwa mambo haya: pesa yote mpaka unaingia ndani, urahisi wa kupata mkopo, karatasi na sheria, unyevu na joto, maisha ya kila siku na wageni, halafu siku ukitaka kuuza. Uzuri sijauweka kwa sababu uzuri unauona mwenyewe, na kwenye uzuri ghala linashinda kila mtu anajua.

Pesa yote

Ghala lililokwisha geuzwa unalipa bei ya mwenye nacho, yaani shida zote za ujenzi kazipata yeye na anataka alipwe. Faida yake ni kwamba unajua mwisho wa hesabu. Juu ya bei kuna kodi ya stempu, ile serikali inayokutoza ukinunua nyumba, na watu wengi wanaisahau. Tuchukulie mfano pauni 800,000: kwa viwango vya England tangu April 2025 pauni 125,000 za kwanza hakuna kitu, kutoka hapo mpaka 250,000 ni asilimia 2, kutoka hapo mpaka 925,000 ni asilimia 5. Jumla 30,000. Na kama una mpango wa kubaki na nyumba yako ya mjini uipangishe, kama wengi wetu tunavyopenda, unaongezwa asilimia 5 ya bei yote, ni 40,000 nyingine. Ukija kuuza ile nyumba uliyokuwa unaishi ndani ya miaka 3 unaweza kudai hiyo nyongeza urudishiwe, lakini siku ya kwanza lazima uwe nayo mkononi.

Ghala tupu bei ya kuanzia ni ndogo na inadanganya. Kodi ya stempu nayo ni nafuu kwa sababu kabla kazi haijaanza kwa kawaida linahesabiwa si makazi, kwa pauni 300,000 unalipa 4,500 tu. Kuna nafuu nyingine ya maana sana ambayo shemeji nusura imponyoke: ukigeuza jengo lisilo la makazi kuwa nyumba yako ya kuishi, mkandarasi anatakiwa akutoze VAT ya asilimia 5 badala ya 20, halafu ukimaliza unadai urudishiwe hiyo 5 pamoja na VAT ya vifaa ulivyonunua mwenyewe. Dai ni moja tu na ni ndani ya miezi 6 baada ya kukamilika, risiti zote ziwe na jina lako, na hela za msanifu hazirudishwi. Mkandarasi akikutoza 20 kimakosa serikali haikurudishii ile iliyozidi, inabidi umfuate yeye mwenyewe. Baada ya hapo ndo inaanza sehemu isiyo na mwisho unaoujua. Shemeji alitenga asilimia 10 ya dharura, ikaishia ardhini kabla ukuta haujaguswa, kwa sababu ghala la zamani msingi wake ni mfupi, sehemu nyingine ni matofali yamekaa juu ya udongo tu, na ilibidi wachimbe chini ya kuta kipande kwa kipande wamwage zege. Nikimsikiliza sasa anasema asilimia 25 ndo angelala usingizi.

Nyumba mpya hesabu yake ni nyepesi, bei, kodi, wakili, basi. Ila uulize kuhusu ada ya mwaka ya kutunza barabara na viwanja vya mtaa, kwenye mitaa mingi mipya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, haijazichukua barabara, wenye nyumba ndo wanalipa na ada inaweza kupanda.

Mkopo

Hapa nitapita haraka. Nyumba mpya benki zinaikimbilia. Ghala lililogeuzwa zinakopesha lakini zinachagua, hasa kama kuta ni za fremu ya mbao ya kale au kuna ghorofa ya mtu mwingine inaingia juu ya chumba chako, jambo linalotokea pale ghala moja lilipogawanywa nyumba tatu. Ghala tupu mkopo wa kawaida hupati kwa sababu halina jiko wala bafu, unahitaji mkopo wa kujijengea ambao hela inatoka kwa awamu, kila hatua mkaguzi anakuja ndo wanaachia inayofuata. Kwa wanaoepuka riba, ile mipango ya kununua pamoja na benki ipo kwa nyumba iliyokamilika, lakini kwa ghala tupu milango ni michache sana, uliza kabla hujaenda hata kutazama.

Karatasi na sheria

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndo watu wanaumia na picha haionyeshi.

Ghala lililokwisha geuzwa: omba kibali cha mipango cha awali, masharti yake yote, na hati ya kaunsili ya kukamilika kwa ujenzi. Zote, mkononi, kabla ya kulipa saveya, yule mkaguzi wa majengo. Sababu ni hizi. Kwanza, maghala mengi ya kale yameorodheshwa kama majengo ya kihistoria, daraja la kwanza, la pili lenye nyota, au la pili ambalo ndo wengi. Kwenye jengo la hivyo kubadilisha chochote kinachogusa uhalisia wake, ndani au nje, bila ridhaa ya kaunsili ni kosa la jinai, na kama aliyekutangulia ndo alikata boriti au kuweka dirisha la plastiki, amri ya kurudisha inakuangukia wewe mwenye nyumba wa leo, na haina muda wa kwisha. Hushtakiwi kwa alichofanya yeye lakini bili ni yako.

Pili, hata kama halijaorodheshwa, kaunsili zikitoa kibali cha kugeuza ghala mara nyingi zinaondoa zile haki za kawaida alizonazo mwenye nyumba. Nyumba yetu ya mjini ungeweza kuongeza chumba nyuma au kujenga banda la bustani bila kuomba. Hapa kila kitu unaomba, hata tundu la dirisha kwenye paa.

Tatu, bustani. Tangazo linasema nyumba ina ekari mbili, unawaza watoto, bembea, mboga, kuku. Lakini bustani kisheria ni kile kipande kidogo kilichochorwa na mstari mwekundu kwenye ramani ya kibali, iliyobaki ni shamba bado. Ng'ombe au mbuzi wa malisho hapo hawana tatizo, ila ukipanda ukoka ukakata kila wiki na kuweka viti na bembea umebadilisha matumizi ya ardhi na kaunsili inaweza kukuandikia. Jirani yetu mmoja walimfanyia hivyo akang'oa kila kitu.

Nne, njia. Kama barabara ya kuingilia ni ya mkulima na wewe unapita tu, soma nani anatengeneza mashimo, na kama matrekta yanapita saa kumi na moja alfajiri wakati wa mavuno hiyo ni haki yao. Angalia pia kama njia ya umma ya wapita kwa miguu inakatiza uani, huku ni haki ya kale na haizibwi kwa sababu umenunua. Na hakikisha kibali ni cha kuishi mwaka mzima, yapo maghala yenye kibali cha kupangisha watalii tu na bei yake inaonekana tamu kwa sababu hiyo.

Ghala tupu: utasikia madalali wanasema lina Class Q. Hiyo ni njia ya England ya kugeuza jengo la kilimo kuwa nyumba bila kuomba kibali kamili cha mipango, ilianza 2014. Tangu May 2024 sheria inaruhusu mpaka nyumba 10 kwenye shamba moja, jumla mita za mraba 1,000, lakini kila nyumba isizidi mita 150. Rudia kusoma hapo. Kama ndoto yako ni nyumba kubwa ya familia, mita 150 ni ya wastani tu, unayoitaka inahitaji kibali kamili na hicho kinachukua muda na kinaweza kukataliwa. Class Q pia haifanyi kazi kwa jengo lililoorodheshwa, wala ndani ya hifadhi za taifa au maeneo yaliyotengwa kwa uzuri wa mandhari, yaani sehemu kubwa ya Cotswolds imetoka. Inataka ugeuze jengo lililopo na siyo kujenga jipya, mahakama ilishaamua hivyo 2016, kwahiyo banda la nguzo za chuma lililo wazi pande tatu ukilizungushia kuta zote mpya wanaweza kusema hii ni nyumba mpya. Na kazi iwe imekamilika ndani ya miaka 3 tangu idhini. Mtu akikuuzia idhini ya mwaka wa pili unanunua saa inayokimbia.

Halafu popo. Ghala tupu ni nyumba ya popo na bundi, na popo wa aina zote huku wanalindwa na sheria pamoja na mahali wanapolala hata wakiwa hawapo. Uchunguzi wa kuwaona wakitoka jioni unafanywa kuanzia May mpaka September, ukikosa msimu unasubiri mwaka. Shemeji alipoteza miezi minane hivi hivi, paa limefunikwa turubai, mafundi wameondoka.

Nyumba mpya: wakili ataleta rundo la masharti ya mtaa, usipaki gari ya biashara, usifuge kuku, usibadilishe rangi ya mlango. Kero ndogo ukilinganisha, na una dhamana ya miaka 10, miwili ya mwanzo mjenzi mwenyewe anawajibika kurekebisha.

Unyevu na joto

Nyumba ya bibi yangu ipo Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Nikiwa mdogo waliziba nyufa kwa saruji, miaka michache plasta ikavimba ikaanza kudondoka, fundi mzee akaja akasema ukuta huu unapumua na nyie mmeuziba pua. Nilipofika Suffolk nikakuta maneno yaleyale. Ghala la kale lilijengwa kwa chokaa, maji yanaingia na kutoka, ukipaka saruji au rangi ya plastiki maji yanabaki ndani na mbao zinaoza kuanzia chini pale zinapokaa kwenye matofali. Kwahiyo ukienda kutazama ghala lililogeuzwa achana na jiko la marumaru kwanza, chuchumaa, shika ukuta chini karibu na sakafu, uliza ni chokaa au saruji.

Kuna kitu kimoja sikukijua. Upande mmoja wa nyumba yetu ulikuwa zizi. Mwezi wa pili tangu tuhamie, kwenye ukuta wa chumba cha mwanangu wa kike, kama futi mbili kutoka chini, rangi ilianza kuvimba vipele, nikaipasua na ukucha ndani kukatoka unga mweupe, laini kama pamba, ukiulamba ni chumvi kali. Nikaufuta nikapaka rangi. Wiki tatu umerudi. Saveya wa pili, aliyekuja tukiwa tumeshanunua, ndo akaeleza: ng'ombe wamekojoa kwenye matofali yale miaka mia na zaidi, chumvi ya mkojo imo ndani ya ukuta, na chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani, hata mvua isiponyesha ukuta unalowa. Aliyegeuza nyumba alipiga plasta ya kawaida moja kwa moja juu yake. Tiba ilikuwa kubandua yote, kuweka ukuta wa pili wa ndani wenye nafasi katikati, na chumba kikapungua upana wa kiganja kila upande. Ndo maana nasema ukaguzi uwe Level 3, ule mzito kabisa, na mwambie saveya akuonyeshe upande uliokuwa na wanyama.

Joto nalo ni hilo la upepo. Ukumbi wa urefu wa ghorofa mbili joto lote linapanda juu, unakaa kwenye sofa miguu baridi na aliyelala roshani juu anatoa blanketi. Sakafu ya kupashwa joto inasaidia sana, bila hiyo fikiria mara mbili. Gesi ya bomba mashambani kwa kawaida hakuna, ni mafuta ya taa ya kwenye tanki, na kampuni nyingi hazileti chini ya lita 500 kwa mara moja, au pampu ya joto ambayo serikali inachangia pauni 7,500 England na Wales, lakini pampu inataka nyumba isiyovuja joto. Kiangazi kile kioo kikubwa kikitazama kusini ukumbi unakuwa tanuri.

Kwa shemeji mambo ni mazuri kuliko kwetu, na hii ndo nguvu kubwa ya ghala tupu: aliweka mwenyewe matandiko ya sufi kwenye paa kuzuia joto lisitoke, akaweka mabomba sakafuni kabla ya zege, akatumia chokaa kila mahali. Anajua kila kilicho nyuma ya ukuta. Nyumba mpya ya rafiki yetu inashinda zote kwa bili, mwezi wa kwanza watoto wanatembea miguu mitupu. Dari fupi, sauti ya hatua za juu unaisikia, ila joto lipo.

Maisha ya kila siku, na wageni

Sisi ni watu wa wageni. Maulidi, harusi, hitma, mtu kaja kutoka Mombasa anakaa wiki sita. Ukumbi wa ghala kwa hilo hauna mfano, siku ya akika tulitandika mikeka wakakaa watu 70 na bado watoto wanakimbia. Lakini jua haya. Hakuna mlango. Ukikaanga samaki jikoni harufu inalala na wewe kitandani juu, na mazungumzo ya wageni wa kiume sebuleni yanasikika nyumba nzima, wanawake hawana pa kujitenga. Tulijenga rafu ndefu ya vitabu kukata ukumbi, imesaidia nusu. Nyumba mpya ina sebule yenye mlango wake, kwa familia zenye wazee hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Ghala tupu unapanga mwenyewe, shemeji katenga chumba cha wageni kina choo chake chini, mama hapandi ngazi.

Choo chenyewe hakiendi kwenye bomba la mji. Ni tanki uani, na ukubwa wake hupimwa kwa vyumba, huku wanajumlisha vyumba vya kulala na 2, vyumba 5 ni watu 7. Watu 70 wakija siku moja tanki linakwambia. Mafuta ya kukaangia sambusa yasiende kwenye sinki kabisa, na dawa kali za kusafishia zinaua vijidudu vinavyofanya kazi mle ndani. Kabla ya kununua uliza tanki linamwaga wapi: tangu 2020 tanki la kawaida la choo haliruhusiwi kumwaga moja kwa moja mtoni au kwenye mtaro England, na kuweka mtambo mpya wa kusafisha maji ni maelfu ya pauni. Hili linahusu ghala la aina zote mbili. Nyumba mpya pembeni ya kijiji kwa kawaida imeunganishwa na bomba.

Umbali: kwetu duka la karibu ni dakika 12 kwa gari, nyama halali ni saa nzima kwahiyo tuna friza mbili. Mwezi wa 12 saa kumi kasorobo alasiri jua linazama, na giza la shambani ni giza kweli. Basi la shule la bure mtoto anapata kama shule inayomfaa iliyo karibu zaidi iko mbali zaidi ya maili 2 akiwa chini ya miaka 8, au maili 3 akizidi hapo, lakini ukichagua shule nyingine ya mbali gari ni lako. Rafiki yetu watoto wanatembea mpaka shule ya kijiji na mke wake, ambaye hajapata leseni, anakwenda dukani bila kumsubiri mtu. Kwetu asiyeendesha amefungwa.

Siku ya kuuza

Nyumba mpya wanunuzi ni wengi ila jua mara ya kwanza ulilipia upya wake, ukiuza mapema huenda usirudishe yote. Ghala lililogeuzwa wanunuzi wachache lakini wanaolitaka wanalitaka kwa moyo, uwe na subira na mafaili yako yote yakae pamoja. Ghala lililoachwa nusu ndo balaa, hakuna benki inayokopesha mnunuzi wake kirahisi, unauza kwa mwenye fedha taslimu na yeye anajua umekwama. Kwa yote angalia kama hati ina sharti la mkulima aliyeuza kudai mgawo ukija kujenga nyumba ya pili kwenye ardhi hiyo, lipo sana na linaweza kudumu miaka mingi.

Kwa hali yako

Kama mna kazi za mjini siku nne tano kwa wiki, watoto wadogo, na mmoja wenu haendeshi gari, chukua nyumba mpya ya kijijini, ukumbi mkubwa utausahau mwezi wa kwanza mtakapoanza kugombana kuhusu gari.

Kama familia ni kubwa, wageni hawakauki, mmoja wenu anafanya kazi nyumbani, na mna akiba ya ziada baada ya kulipa kila kitu, ghala lililokwisha geuzwa ni maisha mazuri sana, mi sijutii hata siku moja. Ila nunua lililogeuzwa miaka kadhaa iliyopita ili uone baridi ngapi limepita, na usinunue bila ile hati ya kukamilika hata muuzaji akuahidi bima ya kufidia.

Kama kuna fundi au mtu wa ujenzi ndani ya familia, mna pa kuishi miaka miwili mitatu bila kubanwa na kodi ya pango, na mnaweza kubeba asilimia 25 ya juu bila kukopa kwa ndugu, ghala tupu litawapa nyumba ambayo hakuna pesa ingewanunulia ikiwa tayari. Likiwa na Class Q piga kwanza hesabu ya mita 150 na tarehe ya mwisho.

Kama unakuja na mzazi mzee, hesabu ngazi na umbali wa hospitali kabla ya kila kitu, na chumba cha chini chenye choo kiwepo siku ya kwanza.

Na kama bado unazunguka kati ya mbili, maghala ya kupangisha watalii yamejaa Norfolk, Suffolk na Yorkshire, na January bei zake zinashuka. Kodi moja wiki nzima, nenda na watoto wote na mama. Pika chakula chenu cha kawaida, kaanga samaki, amkeni saa kumi na mbili mwendeshe mpaka shule na kazini kama kweli mnaishi pale, na jioni kaeni ule ukumbi mkubwa bila kuwasha kuni muone miguu inasemaje.